Diski Iliyokuwa na Wageni Wengi

Kila sifa njema inamrudia Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi wa kusema na sikio la kusikia, kisha, kwa kuwa anaujua udhaifu wetu, akampa na moyo wa kukumbuka. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na wote waliobeba maneno yake kutoka kinywa kimoja hadi kingine bila kuyaangusha njiani. Baada ya hayo, nataka kueleza jinsi tulivyokaribia kuyaangusha maneno ya mwalimu wetu, na jinsi Mola alivyotudakia.

Mwalimu wetu alitufundisha tafsiri kwa miaka kumi na minne. Mimi wakati huo nilikuwa nikifundisha shule ya msingi Bungoma, sasa nimestaafu. Tulikutana Jumapili baada ya alasiri, mara nyingi katika madrasa iliyo nyuma ya msikiti wetu, na wakati mwingine Misikhu, kwenye ghala la mama mmoja muuza nafaka aliyetutandikia mikeka kati ya magunia ya mahindi. Mwalimu alieleza aya kwa aya, kwa Kiswahili chake kizuri, na akiona wazee wameanza kusinzia alichomeka maneno ya Kibukusu cha sokoni. Hakuzaliwa Mbukusu, na matamshi yake yalituamsha sote kwa kicheko.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi. Nilikuwa na kinasa sauti kidogo ambacho nilikiweka kwenye ncha ya mkeka wake. Nikifika nyumbani nilihamisha darsa ile hadi kwenye kompyuta, kisha kwenye diski, kisanduku cheusi kama kipande cha sabuni ya kufulia. Halafu niliifuta darsa kwenye kompyuta, nikakifuta na kinasa sauti kiwe tayari kwa Jumapili ijayo.

Watu walimwomba mwalimu nakala, naye akakataa kwa upole. "Chapati haigawiwi upande mmoja ungali mbichi," alisema. "Tumalize juzuu zote thelathini, ndipo kila mtu achukue yake."

Tulizimaliza mwaka jana, alhamdulillahi. Tukapanga kwamba mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, tutafanya khitma, dua ya kuhitimisha darsa hizo, na kila mwanafunzi atapewa nakala. Kabla Shaabani haijafika, mwalimu alipatwa na kiharusi. Mwenyezi Mungu alimwachia akili yake, masikio yake na mkono wa kushoto. Sauti ikaenda. Bintiye alimchukua akae naye Kitale.

Kwa hiyo miaka kumi na minne ya maneno yake ilikuwa imebaki ndani ya kisanduku kimoja, na kisanduku kilikuwa katika kabati langu, chini ya kanzu za Idi. Mtu ataniuliza kwa nini sikutoa nakala siku ile ile tuliyomaliza. Nilitaka kwanza kuzipanga vizuri, kila darsa na jina lake. Mwalimu wa shule hawezi kugawa daftari kabla ya kuzipigia mistari. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ninaliandika ili mwingine asilirudie.

Siku moja nilipoichomeka diski kwenye kompyuta, ilianza kugonga. Tik, tik, tik, kisha kama mtu anayevuta pumzi, kisha tik, tik tena. Majina ya darsa yalionekana, yakatoweka. Nilichomoa waya, nikasoma dua, nikachomeka. Tik, tik. Nilimwita mke wangu. Alisikiliza kwa makini, kiganja shavuni, akasema, "Huyu anaumwa."

Alipoenda kwenye kikao cha akina mama wa msikiti, aliwaambia kwamba sauti ya mwalimu inaumwa na iko kwetu. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kwetu mgonjwa hasalimiwi mlangoni na kuachwa. Mgeni huingia mpaka kitandani, humshika mkono, humsikiliza anavyopumua, ndipo anarudi kwake akiwa na la kusimulia. Basi watu wakaja. Walikuja baada ya alasiri, wawili wawili, watatu watatu. Mzee mmoja alitoka Kabuchai na mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli. Kinyozi wa karibu na stesheni alileta maziwa. Yule mama wa nafaka alitoka Misikhu na kuku mzima aliyefungwa miguu. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakaulizana habari za mvua, kisha mmoja wao akaniambia kwa adabu, "Basi mwalimu, hebu tumsikie."

Nami ningekataaje? Mtu ametoka Misikhu na kuku. Nilichomeka waya. Diski iligonga, tik, tik, tik, nao wakainamisha vichwa.

"Leo ana nafuu kidogo," alisema kinyozi.

"Nafuu gani?" alisema mzee wa Kabuchai. "Juzi aligonga mara tatu. Leo ni tano. Mimi nilihesabu."

"Labda ni baridi. Tumfunike."

Tukaifunika kwa kitambaa cha sufu. Mama wa nafaka akataka tuiweke ndani ya mchele siku mbili, kwa sababu simu ya mwanawe iliponyeshewa ilipona hivyo. Tukaiweka kwenye mchele. Tulipoitoa, ilibidi tuiwashe tuone kama mchele umesaidia. Kisha wakaja wengine ambao hawakuwa wameisikia baada ya mchele, nao wakawa na haki yao.

Mtu mmoja tu alisema la maana. Ni jirani yetu, mama Mkristo anayetuletea maziwa asubuhi. Alisimama mlangoni, akasikiliza zile tik tik, akaniambia, "Lakini mwalimu, si mumuache apumzike? Mgonjwa hasumbuliwi hivi, bana." Tulimshukuru, tukamkaribisha chai, tukaiwasha tena ili naye asikie vizuri.

Siku ya kumi majina ya darsa hayakuonekana kabisa. Wageni wakaacha chai mezani, wakaondoka. Mimi nilikaa sebuleni na ndizi nyingi kuliko ninavyoweza kula, nikijiuliza nitamtazamaje mwalimu usoni. Asubuhi yake jirani alipoleta maziwa aliniona nilivyo.

"Kitale kuna dada mmoja wa kutengeneza kompyuta," alisema. "Harusi ya mtoto wangu, picha zote zilikuwa kwa simu, na simu ikaanguka kwa choo. Alizitoa zote. Hata zile mbaya, ati."

Nilifunga diski ndani ya taulo, nikabeba ndizi, nikafika Kitale siku ya Alhamisi kabla ya adhuhuri. Duka lake lilikuwa dogo, kando ya mtaa wa wauza mbegu na mbolea. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imesukumwa juu ya kitambaa cha kichwa.

"Karibu mzee. Habari ya safari?"

"Njema, binti yangu. Nimekuletea mgonjwa."

Nilidhani ataichomeka. Hakuichomeka. Alishusha miwani, akaishika mkononi, akaigeuza taratibu, akatoa punje ya mchele iliyokwama kwenye tundu la waya, akaiweka mezani mbele yangu. Kisha akauliza, "Tangu ianze kugonga, imewashwa mara ngapi?"

Nilijaribu kukumbuka kwa kufuata zawadi. Ndizi, mara moja. Maziwa, mara tatu, kwa sababu kinyozi alirudi. Kuku. Kabla ya mchele, baada ya mchele.

"Kama mara thelathini hivi," nilisema.

Aliweka kalamu chini. "Thelathini? Nani alikuwa anaiwasha?"

"Mimi. Kwa ajili ya wageni."

"Wageni wa nani?"

"Wake," nilisema, nikaonyesha diski.

Nikamweleza yote. Mwanzoni alijizuia, kisha akacheka mpaka akavua miwani na kufuta macho. "Mzee wangu, nisamehe," alisema. "Nimeona diski zimeuawa na maji, na stima inayokatika, na watoto. Hii ni ya kwanza kuuawa na kujuliwa hali."

Alipotulia alinieleza kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa. Ndani ya kisanduku kuna sahani inayozunguka kwa kasi, na juu yake kuna kidole chembamba kinachosoma bila kuigusa sahani. Kidole hicho kilikuwa kimechoka. Kila nilipochomeka waya, nilimwamsha mgonjwa na kumwambia akimbie mbio hadi sokoni na kurudi, ili wageni waone kama ana nafuu.

"Itapona?" niliuliza.

"Haitapona. Siwezi kukudanganya. Ninachoweza ni kuiomba iseme yote iliyonayo, mara moja, polepole, kabla haijanyamaza. Ikisema, tunaandika mahali pengine. Hatuiulizi mara ya pili bila sababu."

Nilitazama pembeni kidogo. Nilimfikiria mwalimu, na zile Jumapili ambazo alisema yote aliyokuwa nayo.

Aliiunganisha na mashine yake, akaiwekea feni ndogo ubavuni ipate upepo, na diski mpya kando ya kupokea. Hakutafuta darsa hii wala ile. Alisema tunanakili kila kitu kama kilivyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mahali ambapo diski itakataa tutaparuka upesi bila kubishana nayo. Baadaye, vizuri vikiwa vimeshaokolewa, tutarudi kwenye yale magumu kwa kuanzia nyuma, maana mlango unaokataa kufunguka kutoka nje wakati mwingine hufunguka kutoka ndani. Kwenye kioo palitokea vijisanduku vidogo kama shamba linalotazamwa kutoka mlimani. Kilichonakiliwa kiligeuka kijani, na kilichokataa kiligeuka chekundu. Nilikaa nikitazama kijani kikienea kama mahindi ya mwezi wa tano. Alipoona sibanduki alinipa kiti, na mimi nikampa ndizi.

Ijumaa nilikwenda kusali, nikarudi dukani. Kijani kilikuwa kingi. Jua lilipokaribia kuzama dada akaanza kufunga madirisha, kwa maana yeye ni wa kanisa la Jumamosi.

"Kesho sifungui," alisema. "Nimeiwekea betri, stima ikipotea haitazima. Wewe enda ukae na mwalimu wako."

"Na ikikwama?"

"Ikikwama, mimi na wewe tukiwa hapa tungefanya nini? Tungeitembelea tu."

Nikachukua taulo yangu, nikaondoka.

Nilikuwa nimefikia nyumbani kwa binti wa mwalimu, na kwa siku mbili nilikuwa nimemwambia mwalimu kwamba nimekuja Kitale kwa shughuli fulani. Sikusema uongo, lakini pia sikusema ukweli, na mtu anayejua dini anajua kwamba kati ya hayo mawili hapana mahali pa kulala vizuri. Jumamosi baada ya adhuhuri nilikaa chini karibu na kiti chake. Bakora yake ilikuwa mkono wa kushoto. Tangu zamani bakora ile haikumpiga mtu, iligonga sakafu. Mwanafunzi akikosea, ngo, maana yake rudi nyuma usome tena. Sauti ilipoondoka, bakora ilibaki.

"Mwalimu," nilisema, "ile amana uliyoniachia imeharibika. Naogopa nimeipoteza."

Nikamsimulia yote, tangu kugonga kwa kwanza. Nilipofika kwa mzee wa Kabuchai na ndizi zake, upande wa kulia wa uso wake haukusogea, lakini wa kushoto ulianza kupanda. Nilipofika kwa kuku, ngo. Nikarudia habari ya kuku. Ngo. Nikairudia mara ya tatu, na jinsi kuku alivyofunguka miguu akapanda juu ya kompyuta, jambo ambalo nilikuwa nimelificha hata kwa fundi. Mabega ya mwalimu yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, machozi yakimtoka, na bintiye akaja mbio kutoka jikoni akidhani amezidiwa.

Nililala vizuri siku hiyo.

Jumapili asubuhi dada alifungua duka akiwa amevaa koti zito, maana Kitale ina baridi yake. Shamba lote lilikuwa kijani. Palikuwa pamebaki alama moja nyekundu, ndogo kama kiraka cha suruali. Aliirudia kutoka nyuma, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu diski ikagonga kidogo, ikapumua, ikanyamaza moja kwa moja. Dada alitoa waya kwa mikono miwili.

"Imemaliza kazi yake," alisema. "Sasa tuone hicho kiraka kimeangukia nani."

Akanionyesha kwanza darsa moja iliyotoka bila doa hata moja, kwa fahari kabisa. Nilisoma jina lake nikatabasamu. Tulipoifungua tulisikia salamu ya mwalimu, bismillahi, kisha mvua ikipiga mabati ya ghala la Misikhu, dakika arobaini nzima, na mwisho wake mwalimu akisema, "Basi, tutaendelea wiki ijayo."

"Nimeokoa mvua," alisema dada.

"Umeokoa vizuri sana," nilimwambia.

Kiraka kilikuwa kimeangukia darsa ya sisimizi. Katika darsa zote ndiyo iliyopendwa zaidi, na watoto walikuwa wakiiomba kwa jina. Ni kisa cha yule sisimizi mdogo aliyeona jeshi la Nabii mfalme linakuja bondeni, akawaambia wenzake waingie nyumbani wasije wakakanyagwa. Na Nabii, aliyepewa kuelewa lugha ya wanyama, akamsikia na kutabasamu. Tulibaki na salamu ya mwanzo na kikohozi cha mwalimu. Saa nzima ya katikati haikuwepo.

Nilipompelekea mwalimu habari hiyo alifumba macho. Nilimwambia kwamba nyingine zote zipo, zaidi ya darsa mia sita, na kwamba tunaweza kufanya khitma bila ile moja. Ngo. Nilisema labda tuandike tu kwamba imepotea. Ngo. Kisha akainua bakora kutoka sakafuni, akaigusisha polepole kwenye kifua changu, na kuiacha pale mpaka nilipoelewa.

Shaabani ilipofika walikuja wote Kitale: mzee wa Kabuchai, kinyozi, mama wa nafaka, mke wangu na akina mama wa msikiti. Jirani wa maziwa alikuja kusindikiza, na dada wa kompyuta akaja na vyombo vyake vya kunakili na kurekodi, akaketi nyuma na wanawake. Mikeka ilitandikwa uani, juu ya sakafu ya saruji. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake mbele, na mimi, ambaye kwa miaka kumi na minne nilikaa mwisho nikilinda kinasa sauti, nikakaa mahali pake.

Nilianza darsa ya sisimizi. Nilieleza bonde, nikaeleza jeshi. Nilisahau kwamba mwalimu alilinganisha mistari ya sisimizi na wabebaji wa miwa wa Kabuchai. Ngo, nikarudi, nikaiweka. Nilieleza onyo la sisimizi na tabasamu la Nabii, nikafika mwisho, nikavuta pumzi.

Ngo.

Nikarudi nyuma, nikaeleza tena onyo. Ngo. Niliwatazama wenzangu. Mzee wa Kabuchai alikuna ndevu. Nilirudi mara ya tatu, nikasimama pale pale, sijui kilichokosekana. Ndipo mama wa nafaka akaniambia kutoka kwenye kundi la wanawake, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, umeruka udhuru."

Ikanirudia yote, hata sauti ya mwalimu alivyoitamka. Sisimizi hakusema kwamba askari wale ni wabaya. Alisema watawakanyaga bila kujua. Alikuwa mdogo kuliko wote, yuko karibu kufa, na bado akawatafutia udhuru wale watakaomkanyaga. Hilo, mwalimu alitufundisha, ndilo lililomfanya Nabii atabasamu.

Nikalieleza. Nilipofika kwenye maneno "bila kujua," macho yangu yakaangukia kwa kinyozi, yake yakaangukia kwa mzee wa Kabuchai, na mzee akamtazama mama wa kuku. Wote waliokuja kuijulia hali diski walikuwa pale, na mimi kiongozi wao. Kicheko kikaanza nyuma, kwa dada wa kompyuta, kikaja mbele. Mwalimu alicheka nusu ya uso. Bakora ilitulia juu ya mapaja yake, haikugonga tena mpaka dua.

Dada alitoa nakala mbili hapo hapo kabla ya nyingine zote. "Moja ibaki hapa Kitale na moja iende Bungoma," alisema. "Na hakuna kuzitembelea."

Sasa kila mwanafunzi anayo yake. Ukifungua darsa ya sisimizi, utasikia salamu ya mwalimu na kikohozi chake, kisha utasikia sauti yangu, ambayo siisifu. Lakini sikiliza chini yake. Kila nilipopotea, bakora inagonga sakafu, na hapo ndipo anapofundisha.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie yale unayoyapenda na wale wanaokupenda. Akupe mwalimu wa kukurudisha ukipotea, na jirani wa kukuambia ukweli mlangoni. Ukikanyagwa na asiyejua, akupe moyo wa kumtafutia udhuru. Na ukikanyaga bila kujua, akupe wa kukusamehe. Amina.